Kupima usomaji wa Kiswahili Gredi ya 2, mtoto mmoja mmoja

Darasa zima likisoma pamoja kwa sauti, mwalimu huwasikia wanaojua tu; wengine wanafuata midomo ya wenzao. Ili ujue nani anasoma, unahitaji mtoto mmoja mbele yako, karatasi, kalamu na saa. Hata darasa likiwa na watoto 60, ukiwasikiliza watano kwa siku, siku 12 za shule zinatosha. Kila mmoja huchukua kama dakika tatu wenzake wakiandika. Fanya asubuhi. Huku magharibi mwa Kenya mvua hupenda kunyesha alasiri, na ikipiga mabati hutasikia tofauti ya "pa" na "ba".

Usitumie kifungu cha kitabu cha darasani, kwa kuwa wengi wameshakikariri. Andika chako, chenye maneno 45 hadi 60, sentensi fupi, na mambo ambayo watoto wanayajua. Hiki kinafaa Kisumu, na kina maneno 45 (omena ni dagaa wa ziwani):

"Akinyi anaishi karibu na ziwa. Mama yake huuza omena sokoni. Leo asubuhi aliwaanika omena juani. Mara wingu jeusi likatanda. Mama alikuwa ameenda dukani. Akinyi alikimbia akachukua turubai. Akawafunika omena haraka. Mvua kubwa ikanyesha. Mama aliporudi alikuwa na wasiwasi. Alipoinua turubai, akatabasamu. Akamkumbatia Akinyi kwa furaha."

Andika nakala mbili kwa maandishi makubwa yaliyo wazi. Kwenye yako, mwisho wa kila mstari weka jumla ya maneno hadi hapo, usije ukahesabu kwa kidole mtoto akikutazama.

Mketishe barazani, mgongo wake ukiwaelekea wenzake. Mwambie asome kwa sauti, vizuri kadiri awezavyo, na kwamba utamuuliza maswali baadaye. Usimwambie asome haraka: atakimbia na kuruka maneno. Saa ianze anapotamka neno la kwanza, si unapompa karatasi. Sekunde 60 zikiisha, weka mstari baada ya neno alilofikia, kisha mwache amalize hadithi kama anaweza.

Kosa ni neno aliloruka, alilolibadilisha, au lililomkwamisha kwa sekunde 3. Hapo mwambie aende kwa linalofuata. Akijirekebisha mwenyewe, hesabu kuwa amepata. Akitaja silabi moja moja kisha akaunganisha neno lote, amepata pia. Juu ya kila neno alilokosea, andika alichosema. Walimu wengi huacha hatua hii kwa haraka, ilhali ndiyo yenye faida kuliko zote.

Lafudhi si kosa la kusoma. Mtoto aliyelelewa kwa Dholuo anaweza kusoma "shule" akasema "sule". Wa Kibukusu au Kikalenjin akasema "paba" kwa "baba". Wa Kikuyu pale Nakuru akasema "akashukua". Ukiwa na shaka, funika karatasi umwonyeshe kitu au picha aitaje. Akisema "soka" hata anapoonyeshwa shoka, macho yake yamesoma sawa, ni ulimi.

Sasa hesabu. Toa makosa kwenye maneno aliyosoma ndani ya dakika: maneno 38, makosa 5, anabaki na 33. Akimaliza kabla ya dakika, zidisha maneno sahihi kwa 60 ugawe kwa sekunde alizotumia: maneno sahihi 42 kwa sekunde 50 ni kama 50 kwa dakika. Tusome, mpango wa kufundisha kusoma katika madarasa ya chini ulioenea Kenya nzima kuanzia 2015, ulitumia kigezo cha maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Usiwalaumu watoto kwa pengo hilo: neno kama "alipoinua" limebeba sentensi nzima.

Lakini kasi peke yake hudanganya, hasa kwa Kiswahili. Tahajia yetu ni nyoofu kiasi kwamba mtoto anaweza kutamka kila neno bila kuelewa hata moja. Uliza maswali matano: Mama huuza nini? Aliwaanika wapi omena? Akinyi alichukua nini? Kwa nini mama alikuwa na wasiwasi? Kwa nini alitabasamu? Akijibu kwa Dholuo au Kiluhya, pokea jibu, kwa sababu unapima kuelewa. Uliza tu kuhusu sehemu aliyofika. Mtoto mwenye maneno 50 na jibu moja anahitaji msamiati na mazungumzo. Mwenye maneno 25 na majibu matano anahitaji kusoma zaidi kila siku. Ukiwaweka kundi moja, mmoja atapoteza muda wake.

Rudi sasa kwa ulichoandika juu ya maneno. Aliyesoma "alikimbia" kama "alikuja" anaona mwanzo wa neno na kubahatisha mwisho. Mfunikie mwanzo wa neno asome mwisho kwanza. Aliyesoma "aliinua" mahali pa "alipoinua" anaruka silabi za katikati, na hilo hubadilisha maana. Mkatie neno vipande, a-li-po-i-nu-a, avipange upya. Anayekwama kwenye "mw", "nd" au "mb" peke yake hahitaji kurudishwa kwenye a-e-i-o-u. Mpe silabi hizo tu, dakika tano kila asubuhi.

Asiyepata hata neno moja katika sentensi mbili za kwanza, msimamishe kwa upole. Mpe maneno mafupi 10, kisha silabi 10, kisha herufi 10, ukiishia pale anapopata 8. Hapo ndipo pa kuanzia kumfundisha. Akileta karatasi karibu na pua au akikunja macho, mwambie mzazi ampeleke akapimwe macho kabla hujaandika kwamba hajui kusoma.

Pima tena baada ya wiki sita, kwa kifungu kingine chenye urefu na ugumu uleule. Cha Akinyi kitakuwa kimeshasimuliwa uwanjani.