Kikombe kitupu na namna ya kuisoma Daodejing
Anayeanza kusoma Daodejing, kitabu cha kale cha Kichina kilicho msingi wa falsafa ya Udao, asikimbilie kusema kwamba Udao unayaona mema na mabaya kuwa kitu kimoja, kwa maana sura ya 2 inaeleza jambo jingine: uzuri ukishatambuliwa kuwa uzuri, ubaya nao umekwisha kuzaliwa, na kirefu hujulikana kwa kulinganishwa na kifupi. Shika kikombe kitupu cha udongo, utie kidole ndani, uone kwamba uwazi ule usingekuwapo bila ukuta wake, wala ukuta usingefaa kitu bila uwazi, kama isemavyo sura ya 11. Usiharakishe (mimi hukaa nacho hadi maji ya chai yachemke). Baadaye, ukitaka kumwita mtu mvivu, jiulize kwanza umempima kwa bidii ya nani.