SOMO: Gari limeshakula kilomita, uweke oili gani?

Wadau, wiki hii pekee nimeulizwa swali hili mara sita, na mara nne muulizaji hakutaja hata injini. "Mkuu nina Toyota, niweke oili gani?" Naandika mara moja, wa kesho nitamtumia uzi huu. Nazungumzia gari za petroli, hizi za Mjapani, zilizovuka kilomita 150,000, au zile ambazo hujui zimetembea ngapi kwa sababu dashibodi ilirudishwa nyuma kabla gari halijapanda meli.

1. Jua injini yako. Fungua boneti, soma kile kibati: 1NZ-FE, 3S-FE, 5A-FE na kadhalika.

2. Tafuta namba ya kiwandani, yaani uzito wa oili ambao kiwanda kimependekeza. Kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani, lakini 5W-30 inasomeka kwa lugha zote.

3. Pima gari linakula oili kiasi gani. Simama kwenye tambarare, zima injini, subiri dakika kumi. Chomoa kijiti cha kupimia oili, futa, rudisha, chomoa tena. Jaza mpaka alama ya F (juu, imejaa; L ni ya chini), tembea kilomita 1,000, pima upya. Kwa gari nyingi ndogo, kutoka F hadi L ni karibu lita moja. Ikishuka kidogo tu, baki na namba ya kiwandani na achana na maneno ya kijiweni. Ikishuka nusu au zaidi, nenda hatua ya 4.

4. Panda ngazi moja tu. Kama ilikuwa 5W-30, weka 5W-40 au 10W-40. Usirukie 20W-50.

Hapa nina kovu. Nilikuwa na Toyota IST toleo la kwanza, 1NZ-FE, dashibodi inasoma 214,000. Fundi akaniambia, "Gari mzee lipewe oili nzito." Nikamwaga 5W-30, nikaweka 20W-50. Wiki ya kwanza injini ilitulia hadi nikamnunulia fundi soda. Baadaye ikaanza asubuhi: ukiwasha, inalia kama debe lenye kokoto kwa sekunde kadhaa, ndipo inatulia. Mlimani ikawa nzito, kisha taa ya injini ikawaka, kodi ya hitilafu P1349. Hiyo ni VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa vali za injini kufunguka. Mfumo ule unasukumwa na presha ya oili inayopita kwenye njia nyembamba na kichujio kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mimi nikakimbilia kununua vali mpya ya oili ya VVT-i, taa ikarudi palepale. Fundi wa pili ndiye aliyechomoa kichujio: kimejaa tope jeusi la miaka ya nyuma, na juu yake nikawa nalazimisha oili nzito ipenye. Tukakisafisha, nikashuka hadi 10W-30, taa ikazima. Hela ya ile vali naikumbuka mpaka leo.

Onyo la pili hapohapo: injini iliyokaa na tope miaka mingi usiipige dawa ya kusafisha kwa siku moja. Tope likibanduka kwa pamoja linaziba chujio la pampu ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na oili isipopanda injini inanoki. Tumia oili nzuri, mwaga mapema, kilomita 2,000 au 3,000, mara mbili tatu. Itasafika taratibu.

5. Soma API, yaani daraja la ubora wa oili, nyuma ya kidumu. S ni petroli, C ni dizeli. SP ilianza 2020, SN 2010. Bado kuna vidumu vya SF madukani, na SF ni ya gari za 1988 kurudi nyuma. Bei rahisi, ndiyo.

6. Filta mpya kila ukimwaga oili. Kila mara.

Zile oili zilizoandikwa za kilomita nyingi zina dawa ya kulainisha sili (raba za kuzuia oili isivuje) zilizokauka. Gari likivuja jasho zinasaidia. Sili iliyochanika, badilisha sili.

MASWALI

Kidume wa Mbezi: Mkuu nina Premio old model, niweke oili gani?
— Hatua ya 1.

Kidume wa Mbezi: Nimeuliza kistaarabu tu, kwani kujibu shilingi ngapi?
— Umbo hilohilo lina 1NZ, 1ZZ na 1AZ. Kasome kibati, urudi.

Fundi Mkongwe: Miaka 20 nipo gereji, naweka 20W-50 gari zote, hajalalamika mtu.
— Kaka, wanaolalamika huhamia kwa fundi mwingine. Sijasema 20W-50 ni sumu. Injini kama 5K, isiyo na VVT-i, inaishi nayo raha mustarehe. Nimesema usiweke gari zote.

Dada wa Njombe: Asante kwa somo. Huku mwezi wa saba asubuhi meno yanagongana. Hiyo W ina uhusiano na baridi?
— Swali zuri dada. Namba ya kabla ya W ni wepesi wa oili ikiwa baridi: 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Njombe hamfiki huko, lakini asubuhi oili yenu bado ni nzito kuliko ya Dar, na injini husagika zaidi pale inapowashwa. Namba ya pili ni uzito ikiwa na joto, nyuzi 100. Kwa hiyo 5W-30 na 10W-30 zikishachemka ziko daraja moja. Kwako, kama gari linakula oili, chukua 5W-40.

Dada wa Njombe: Na moshi wa bluu nikiwasha asubuhi tu, kisha unapotea?
— Mara nyingi ni sili za vali. Ukitoka unapokanyaga mafuta barabarani, shuku ringi za pistoni. Kabla hujafungua chochote, chomoa vali ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa injini ukachomwe, uitikise. Isipolia kachakacha imeganda, na ni kifaa cha bei ndogo.

Mzee wa Kibaha: Nyongeza. Vidumu vitupu vitoboeni msumari kabla ya kutupa, vinaokotwa na kujazwa oili feki. Oili chafu mimi napaka nguzo za uzio, mchwa hawasogei.
— Shikamoo mzee. Hili la msumari naliongeza kwenye somo.

Kidume wa Mbezi: Mkuu, kibati kinasema 1ZZ-FE.
— Sasa tunaongea. Nyingi za kabla ya 2005 zinakula oili: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, yanaziba. Weka 10W-40, pima kila ukijaza mafuta. Kijiti kinasomaje?

Kidume wa Mbezi: Kimetoka kikavu.
— Usiwashe. Panda bodaboda ukanunue oili.