Kabla wanafunzi wapya hawajaripoti: mambo ya kutayarisha ili kuzuia dhuluma za kingono na ulevi chuoni

Vyuo vingi vya Nakuru, Kisumu na Kakamega huanzia mwisho. Huchapisha fulana, humwalika mgeni wa heshima, hujaza ukumbi wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kisha picha hutiwa kwenye ripoti ya robo mwaka. Mwanafunzi akivamiwa Ijumaa hiyo hiyo usiku, hakuna anayejua ufunguo wa gari la zahanati uko kwa nani. Mpango unaofaa huanza kujengwa upande wa kupokea: simu, dawa, fomu, usafiri na kanuni. Hotuba zitafuata. Miezi mitatu kabla ya siku ya kuripoti inatosha, mradi kikao cha seneti au cha bodi ya usimamizi kiwe kimo ndani ya miezi hiyo, kwa sababu jambo la kwanza linahitaji idhini yao.

Jambo lenyewe ni kanuni za nidhamu. Chukueni kijitabu mnachowapa wanafunzi mkisome kama msichana mwenye hofu. Aghalabu mtakuta kifungu kinachosema atakayepatikana amelewa, au atakayekutwa hosteli ya jinsia nyingine usiku, atasimamishwa masomo. Sasa mfikirieni aliyekunywa kwenye pati, akavamiwa chumbani kwa mwanafunzi mwenzake saa saba usiku. Ili ashtaki, itambidi kwanza akiri makosa mawili. Atanyamaza, na aliyemvamia anajua atanyamaza. Ndivyo inavyokuwa pia kwa wanaokaa na mwenzao aliyezimika kwa pombe: wanamfungia ndani apate kulala, wakihofia kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Kwa hiyo pitisheni kifungu cha kinga. Kiseme kwamba anayeripoti dhuluma ya kingono, shahidi wake, na anayemwitia mlevi msaada hawataadhibiwa kwa kunywa kwao wala kwa saa waliyokuwa nje. Kiseme pia kwamba kinga hiyo haimfuniki mtuhumiwa wala muuza mihadarati. Kibandikwe nyuma ya mlango wa kila chumba cha hosteli. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa wanafunzi haitoshi. Akihamishwa, imeondoka naye.

Sheria ya nchi nayo ielezwe bila kumung'unya. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema ridhaa ni kukubali kwa hiari, mtu akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Miongoni mwa wasio na uwezo huo inamtaja aliyelala, aliyepoteza fahamu na ambaye pombe au dawa imevuruga akili yake. Anayejitetea kwamba msichana alikuwa chakari anajichimbia kaburi. Kifungo cha ubakaji hakipungui miaka 10, na cha ubakaji wa genge hakipungui 15. Kifungu cha 23 kinamhusu mwenye mamlaka anayezidi kumtaka kingono mtu asiyetaka: kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Mhadhiri anayeomba ngono ili atoe alama anaingia hapo, na ndiyo sababu malalamiko hayafai kupitia kwa mkuu wa idara. Wekeni wapokeaji wawili, mmoja wao mwanamke, na angalau mmoja asiyefundisha. Wakumbushwe pia kwamba baadhi ya wanaojiunga bado wana miaka 17. Huyo kisheria ni mtoto, na mshauri hawezi kumwahidi siri kamili. Amwambie hivyo kabla hajaanza kusimulia.

Kisha nendeni hospitali, na muende kwa miguu yenu wenyewe, msipige simu tu. Kisumu ni Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado wanaiita Russia. Nakuru ni hospitali ya rufaa ya kaunti, ambayo zamani ilikuwa hospitali kuu ya mkoa, PGH. Ulizeni mlango gani unatumika Jumapili usiku, nani yuko zamu, na kama dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinapatikana usiku au zimefungiwa kwenye stoo mpaka Jumatatu. Dawa hizo, PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Humezwa siku 28. Kidonge cha kuzuia mimba, P2, hufanya kazi vizuri zaidi mapema, ingawa hutolewa hadi saa 120. Chanjo ya homa ya ini aina ya B na dawa za magonjwa ya zinaa hutolewa safari hiyo hiyo. Hospitali ikiwa mbali, ombeni zahanati ya chuo iruhusiwe kuweka dozi za kuanzia za siku chache, na muuguzi ajue kwamba dozi ya kwanza haisubiri polisi.

Hapa ndipo mambo huharibika zaidi. Askari wa lango, kwa nia njema, humpeleka manusura kituo cha polisi kwanza. Anakaa kwenye benchi kwa muda wa saa tano, na sehemu ya saa zake 72 inapotea bure. Matibabu hutangulia. Fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya ubakaji, hujazwa na mhudumu wa afya hospitalini, kwa nakala tatu, hata kama manusura hajaamua kushtaki. P3, fomu ya polisi ya kuandikia majeraha, hutoka polisi, na inaweza kufuata baadaye. Kosa la pili ni kuoga. Rafiki humchemshia maji, humfulia nguo, na ushahidi unaishia kwenye karai. Kosa la tatu ni mfuko wa plastiki: unyevu ukifungiwa humo, ukungu na bakteria huharibu vinasaba. Kila nguo iingie mfuko wake wa khaki, ule wa kufungia sukari, ikiwa mbichi ianikwe kwanza kivulini, na mfuko uandikwe tarehe na saa. Mifuko 20 na kalamu moja ya wino usiofutika ofisini kwa matroni vinatosha kwa kuanzia.

Akihisi aliwekewa "mchele", yaani dawa ya kumlevya, kwenye kinywaji, mkojo wa kwanza ni dhahabu. Baadhi ya dawa hizo hutoweka mwilini kabla ya saa 12, nyingine hukaa siku mbili tatu. Asipoweza kujizuia mpaka hospitalini, akojolee chombo safi chenye kifuniko, na chombo kibaki mkononi mwake hadi akikabidhi. Sampuli hupelekwa na polisi kwa Mkemia wa Serikali, aliye na maabara Kisumu pia.

Dozi ya PEP ya siku 28 huachwa njiani mara nyingi, kwa kuwa kichefuchefu humkumbusha manusura yaliyompata. Mtajeni mtu mmoja wa kumpigia simu siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne, na wa kumsindikiza kupima baada ya majuma sita na baada ya miezi mitatu.

Upande wa ulevi, wafunzeni waelimishaji rika, matroni na askari kutambua pombe iliyogeuka sumu. Haamki hata akifinywa, anapumua chini ya mara nane kwa dakika au pumzi inakatika kwa sekunde kumi na zaidi, midomo na kucha zimebadilika rangi, mwili ni baridi. Alazwe kwa ubavu, mdomo umeelekea chini ili matapishi yatoke, na asiachwe peke yake hata kidogo. Kahawa na maji baridi ya kumwagiwa havisaidii kitu. Chang'aa iliyochanganywa na methanoli ina hila yake: mtu huonekana amepona asubuhi, kisha mchana macho yanaona ukungu na tumbo linauma. Huyo ni wa hospitali sasa hivi, siyo wa kupewa supu.

Msitegemee Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iwafungie baa za langoni. Ile inayoitwa sheria ya Mututho, kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, inataka baa iwe umbali wa mita 300 kutoka taasisi za wanafunzi walio chini ya miaka 18. Chuo kikuu hakimo. Njia iliyobaki ni pingamizi la maandishi kwa wanaotoa leseni katika kaunti kabla leseni haijatoka, na mazungumzo na wenye baa wenyewe, ambao husikiza zaidi ya tunavyowadhania.

Wengi wa wanafunzi, iwe ni Njoro au Maseno, hulala kwenye ploti za kupanga nje ya chuo. Tembeeni njia hizo saa nne usiku, si adhuhuri, mkiandika taa zilizokufa na nyua zisizo na mlinzi. Waiteni mtunzaji wa kila ploti na mwenyekiti wa steji ya bodaboda. Chagueni waendeshaji watatu wanaojulikana na walipwe na chuo mwisho wa mwezi, ili manusura asitafute nauli saa nane usiku.

Mafunzo sasa. Hotuba moja ya ukumbini haibadilishi tabia. Mpango uliopimwa katika vyuo vikuu vitatu vya Kanada, matokeo yake yakachapishwa 2015, ulichukua saa 12 kwa makundi madogo, na ndani ya mwaka mmoja ubakaji uliripotiwa na asilimia 5.2 ya wanawake waliofunzwa, dhidi ya 9.8 ya waliopewa vijitabu tu. Kanada si Kenya, lakini saa 12 ni kipimo cha kufikiria mnapopanga bajeti ya saa mbili. Wekeni watu 20 kwa kundi, vipindi vinne vya saa tatu, na mazoezi ya kusema maneno kwa sauti: kukataa, kumzuia rafiki anayemvuta mlevi kuelekea chumbani, kuita msaada. Wavulana wawe na vipindi vyao, na wafundishwe kama watu wanaoweza kuzuia jambo, maana wakiitwa washukiwa mlangoni watafunga masikio. Picha za maini yaliyooza acheni. Hutisha kwa dakika kumi.

Kumbukumbu zitumie namba badala ya majina, zifungiwe kabati lenye funguo mbili, na zisipite kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaipa habari ya afya ulinzi wa pekee.

Jumamosi kabla ya kufungua, mtu asiyejulikana aipigie namba ya chuo saa nane usiku, ahesabu inalia mara ngapi. Apige na 1195 ya dhuluma za kijinsia na 1192 ya uraibu, ajue atakachosikia kabla ya kumwelekeza mwingine huko. Na baraza la chuo liambiwe mapema kwamba malalamiko yataongezeka muhula wa kwanza, kwa kuwa watu wamepata pa kuyapeleka. Lisipoambiwa, litaona takwimu hizo na kuukata mpango kabla ya muhula wa pili.