Ukikagua ofisi ya ardhi ya wilaya, anzia masjala

Usikae kwa mkuu wa ofisi kusikiliza taarifa iliyoandaliwa. Msalimie, kisha nenda masjala, yanakotunzwa majalada. Mimi huomba majalada yaliyolala muda mrefu kuliko yote, nasoma dokezo la mwisho: nani kaandika, tarehe gani, lilipaswa kwenda kwa nani. Hapo ndipo mwananchi anapoumia, na hapo ndipo mkaguzi anapotakiwa kutumia asubuhi nzima. Linganisha pia malipo yaliyomo jaladani na makusanyo ya mfumo wa GePG, yaani mfumo wa kielektroniki wa malipo ya Serikali ya Tanzania. Namba ya kumbukumbu ya malipo isiyoonekana kwenye mfumo ifuatilie siku hiyo hiyo. Zungumza na walio kwenye foleni, bila mtumishi pembeni. Kila hoja iandikie mhusika na tarehe ya kujibu. Ukirudi, anza na hoja za zamani.