Saladi Haikuota? Kabla ya Kumlaumu Muuza Mbegu, Pima Joto la Kitalu Chako

Kila mwaka kati ya Septemba na Novemba naletewa pakiti tupu za mbegu za saladi. Anayezileta huwa amekasirika, na ana haki ya kukasirika, maana fedha imekwenda na maji ya kununua yamekwenda. "Bwana shamba, hizi mbegu ni feki. Wiki mbili namwagilia, hakijatoka hata kimoja." Mchicha aliousia siku hiyohiyo, tuta la pili yake, umeshatoa majani manne.

Mbegu feki zipo, sikatai. Lakini nyingi ya hizi ninazoletewa ni mbegu nzima ambazo zimelala, na aliyezilaza ni mwenye bustani mwenyewe.

Saladi ni mboga ya baridi. Mbegu yake huota vizuri udongo ukiwa na joto la nyuzi 15 hadi 22. Ukikaribia 28 huanza kusita, na ukipita 30 aina nyingi hugoma kabisa. Asili ya mmea huu ni nchi za kandokando ya Mediterania, ambako majira ya joto ndiyo majira ya ukame; mche ungechomoza wakati huo ungekauka, kwa hiyo mbegu hujizuia mpaka ubaridi urudi. Sisi Dodoma tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wetu una nafuu. Ila udongo mwekundu ulioachwa wazi kwenye jua la Oktoba ni kikaango.

Oktoba iliyopita niliitwa kwa mama mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma. Saa 8 mchana nilichomeka kipimajoto kwenye kitalu chake, kikasoma nyuzi 39. Nikakwangua taratibu kwa njiti ya kiberiti. Mbegu nilizikuta sentimita 3 chini, vijiti vidogo vya rangi ya majivu, hazijaoza wala kuliwa na sisimizi. Juu yake udongo ulikuwa umeganda gamba gumu kwa sababu ya kumwagiliwa kwa mpira. Kwenye pakiti zilikuwa zimebaki chache. Tukahesabu 20, tukazifunga kwenye kitambaa kibichi na kuziweka ubavuni mwa mtungi wa maji, ndani, mahali penye ubaridi kuliko pengine pote nyumbani. Siku ya tatu akanipigia simu: 17 zimetoa mzizi mweupe. Pakiti ileile, muuzaji yuleyule.

Kosa lake ndilo kosa la wengi, na lina sehemu tatu: saa ya kusia, kina, na maji.

Tuanze na saa. Mbegu ya saladi huamua kuota au kulala katika saa chache za mwanzo baada ya kunywa maji. Ukiinywesha saa 3 asubuhi, uamuzi huo itaufanya jua likiwa utosini, na ikishalala sana hata ukiipoza baadaye inaweza isiamke. Ndiyo maana unamwagilia wiki mbili bure. Sia saa 11 jioni, usiwahi zaidi ya hapo. Mbegu inywe maji jua linazama, ipate usiku mzima wa ubaridi. Mnaosia asubuhi kwa sababu "nilikuwa na nafasi asubuhi", naomba muache. Asubuhi andaa kitalu, mwagilia, kiwekee kivuli kipoe. Mbegu zisubiri jioni.

Kina: milimita 3 hadi 5, basi. Hiyo ni nusu ya ukucha wa kidole cha mwisho. Chora mfereji kwa kijiti, si kwa jembe, mistari ipishane sentimita 10. Gramu moja ina mbegu kama 800 hadi 1,000, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu mara tano yake ili zisimwagike mahali pamoja. Kisha funika kwa mboji iliyopita kwenye chekeche, kiasi cha kuzificha tu. Mbegu ya saladi inahitaji mwanga kidogo ili iote, hasa joto linapozidi. Wanaofunika kwa kiganja kizima cha udongo wanaipa mbegu giza na joto kwa pamoja. Usiifanyie saladi kama mahindi!

Kuhusu maji, wengi mna tangi jeusi juu ya mnara, na maji yanayotoka humo mchana yanaweza kukuunguza mkono. Hayo ndiyo mnayopeleka kitaluni. Chota ndoo usiku, iweke kivulini, tumia hayo kesho yake. Nyunyiza kwa keni yenye matundu madogo asubuhi na jioni, na siku ya joto kali ongeza mkono mmoja mwepesi saa 7 mchana ili udongo upoe. Kama maji yako ya kisima yana chumvi, na visima vyetu vingi vinayo, tafuta maji yasiyo na chumvi, ya mvua au ya bomba, angalau kwa siku 10 za kwanza za kitaluni. Ukiona utando mweupe juu ya tuta likikauka, ujue chumvi imejikusanya, na saladi haiivumilii.

Kivuli kiwe kichanja cha nyasi cha urefu wa sentimita 60 hadi 70, chenye kupitisha hewa. Hapa napingana na mazoea: nyasi msizilaze moja kwa moja juu ya mbegu kama mnavyofanya kwa nyanya. Zinaziba mwanga, na ukichelewa kuzitoa miche inarefuka kama uzi.

Msimu mzuri kwetu ni kuanzia mwisho wa Aprili hadi Julai. Juni na Julai upepo unakausha, lakini saladi inaupenda ubaridi. Anayetaka kusia Oktoba, azilowanishe kwanza: kitambaa kibichi kilichokamuliwa, ndani ya bakuli lenye kifuniko, sehemu ya chini ya friji (si kwenye barafu) kwa saa 24, kisha azisie jioni ileile. Asiye na friji atumie mtungi wa udongo kama yule mama, na azisie mara tu aonapo ncha nyeupe za kwanza. Mzizi ukirefuka utaukata kwa kuushika.

Zikiota, siku ya nne hadi ya sita utaona kijani.

Yanayofuata mnayajua. Hamisha miche ikiwa na majani manne au matano, wiki ya tatu hadi ya nne, jioni, nafasi ya sentimita 25 kwa 30, na moyo wa mche usizikwe. Samadi ya mbuzi iwe imeoza kweli, isiwe na joto wala harufu. Kwa joto letu chagueni saladi ya majani kuliko ya kufunga kichwa. Vuneni majani ya nje asubuhi na mapema, kuanzia siku ya 45 hivi. Shina likianza kurefuka katikati, majani yameshaanza uchungu. Ng'oa, usiisubiri.

Na pakiti uliyokwisha kuifungua usiiweke juu ya kabati chini ya bati. Mimina mbegu kwenye kichupa kikavu chenye kifuniko, andika mwezi na mwaka, kiweke sakafuni katika chumba kisichopigwa na jua la jioni. Kabla ya kuzisia msimu ujao, hesabu 20, zifunge kwenye kitambaa kibichi, zikae siku nne mahali pa baridi. Zikiota chini ya 10, hapo ndipo unipigie simu kuhusu muuza mbegu, nami nitafuatana nawe hadi dukani kwake.