Mzazi anahitaji mtu wa kumhudumia England? Hivi ndivyo halmashauri inavyopiga hesabu ya malipo

NHS, huduma ya afya ya taifa, hutibu bure, ndiyo maana wengi wetu hushtuka bili ya halmashauri inapoingia. Kuogeshwa, kuvalishwa na kulishwa huwa kunalipiwa, kila mtu kwa uwezo wake. Haya ni ya England tu. Scotland na Wales wana taratibu zao.

Anza kwa kupigia simu kitengo cha huduma za jamii kwa watu wazima cha halmashauri mnayoishi, uombe tathmini ya mahitaji. Tathmini yenyewe hailipiwi, na Sheria ya Huduma ya mwaka 2014 hairuhusu mzee anyimwe kwa sababu ana pesa. Mkalimani muombe hapo hapo kwenye simu. Siku afisa akija, mwambie mama asijikaze. Wazee wetu wakiulizwa kama wanapanda ngazi hujibu, "Alhamdulillahi, napanda," kumbe hupanda wameshika ukuta na kupumzika katikati. Afisa ataandika "anaweza", na saa za huduma zitapungua. Wewe eleza siku mbaya zinavyokuwa.

Mahitaji yakikubaliwa ndipo hufuata tathmini ya kipato. Tayarisha taarifa za benki, barua za pensheni na posho, na risiti za kodi. Zinazoangaliwa ni pesa za anayehudumiwa, si za watoto wake. Mwenye akiba ya zaidi ya pauni 23,250 hulipa gharama yote mwenyewe. Aliye chini ya 14,250 akiba yake haiguswi, huangaliwa kipato tu. Aliye katikati, kila pauni 250 zinazozidi 14,250 huhesabiwa kuwa pauni 1 ya kipato kwa wiki: mwenye 16,250 huongezewa pauni 8.

Akihudumiwa nyumbani, nyumba anayoishi haihesabiwi. Akihamia kwa kudumu kwenye makao ya wazee huhesabiwa, isipokuwa kwa wiki 12 za mwanzo, au kama bado anaishi humo mwenzi wake au ndugu mwenye miaka 60 na zaidi. Msikimbilie kuiuza, ulizeni kwanza kuhusu mkataba wa kuahirisha malipo. Na ile nyumba ya Tanga au kiwanja cha Kibaha kitajeni, maana mali ya nje ya nchi nayo huweza kuhesabiwa. Pesa za upatu zinazopita kwenye akaunti yake ziandikieni maelezo. Kuwagawia watoto akiba ili kukwepa malipo hakusaidii: anaweza kuhesabiwa kana kwamba bado anazo.

Mahali ambapo familia nyingi hupoteza pesa ni kwenye gharama zinazotokana na ulemavu. Attendance Allowance (posho ya wazee wanaohitaji msaada), na ile sehemu ya kujihudumia ya PIP (posho ya ulemavu), zinaweza kuingizwa kwenye kipato (sehemu ya usafiri haiingizwi). Zikiingizwa, ni lazima aachiwe za kulipia mahitaji hayo: kufua mashuka kila siku, kupasha nyumba joto kupita kawaida, chakula maalumu, umeme wa kuchaji kiti cha magurudumu. Halmashauri nyingi humwachia kila mtu kiasi kimoja cha gharama hizi na kuishia hapo. Msikubali kama zenu zinazidi. Pelekeni risiti, mdai hesabu yake peke yake. Anayehudumiwa nyumbani baada ya kulipa lazima abaki na kiwango cha chini cha kipato kinachopangwa na serikali kila mwaka.

Akitoka hospitali, uliza kuhusu huduma ya kumrudishia uwezo wa kujitegemea. Akipewa, hailipiwi hadi wiki 6.

Hesabu ikija, taka mchanganuo wa maandishi. Ukiona kosa, omba ipitiwe upya, kisha wasilisha malalamiko rasmi kwa halmashauri. Wakishikilia msimamo wao, peleka kwa Local Government and Social Care Ombudsman, ofisi huru inayochunguza malalamiko dhidi ya halmashauri. Hapo pia hulipi kitu.