Somo: Kutaja ruzuku na rasilimali za utafiti kwenye makala. Someni kabla ya kuniuliza

Kila wiki napokea ujumbe uleule: "Daktari, shukrani kwa mfadhili naandikaje?" Nimejibu mmoja mmoja vya kutosha. Naweka yote hapa, na atakayeuliza tena nitamtumia kiungo cha uzi huu.

1. Fungua mkataba wa ruzuku wenyewe. Mara nyingi sentensi ya shukrani imo humo tayari. Inakili neno kwa neno, usiipambe.

2. Soma maagizo ya jarida ujue inawekwa wapi. PLOS ONE, kwa mfano, hutaka ufadhili ujazwe kwenye fomu ya kuwasilishia makala, na hawataki kuuona tena kwenye Shukrani. Majarida mengine yana sehemu ya Ufadhili kabla ya marejeleo. Kama wahakiki hawapaswi kumjua mwandishi, toa shukrani zote kwenye muswada uziweke kwenye ukurasa wa jina. Ukiacha nambari ya ruzuku ndani, mhakiki akiitafuta mtandaoni atakupata kwa dakika moja.

3. Andika jina la mfadhili kwa ukamilifu, na fomu ikikupa orodha, chagua humo. Kila jina kwenye orodha lina kitambulisho chake, na mashine husoma hicho. Ukiandika "NRF" tu, sisi wa Nairobi tunaelewa National Research Fund ya Kenya. Lakini Afrika Kusini wana NRF yao, na Korea Kusini vilevile. Kazi iliyolipiwa na Mkenya inaweza kuhesabiwa Pretoria.

4. Nambari ya ruzuku. Hapa ndipo nilipoharibu, na ndipo wengi wenu mnaharibu, kwa hiyo someni polepole.

Ruzuku moja huwa na nambari tatu au nne mezani kwako. Kuna ya mfadhili. Kuna ya mkataba mlioandikiana na chuo cha ng'ambo kilichopokea pesa kwanza kikawagawia. Kuna akaunti ya mradi ya ofisi yenu ya fedha, ile unayoandika ukiomba mafuta ya gari. Na kuna nambari ya ombi mlilotuma kabla hamjapewa chochote. Inayoingia kwenye makala ni ya mfadhili wa kwanza kabisa. Kwa pesa za serikali ya Marekani, itafute kwenye mkataba wenu palipoandikwa FAIN, yaani nambari ya utambulisho wa ruzuku ya serikali hiyo. Nambari ya chuo mshirika unaweza kuiongeza baada yake, lakini isikae peke yake, maana mfadhili akitafuta kwenye mfumo wake haitaleta kitu.

Tuseme barua ya NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, inasema 5R01AI000000-03. Ile 5 ya mwanzo inaonyesha ni mwendelezo wa ruzuku ileile. R01 ni aina ya ruzuku. AI ni taasisi ndani ya NIH, hapa ni ile ya mzio na magonjwa ya kuambukiza. Tarakimu sita ndizo ruzuku yenyewe, na 03 ni mwaka wa tatu. Unachoandika ni R01AI000000. Ya nyuma hubadilika kila mwaka, na ya mbele nayo inaweza kubadilika, ziache.

Tahadhari: usibadilishe sifuri kuwa herufi O. Usidondoshe sifuri za mwanzo. Programu ya lahajedwali huzila bila kukuambia. Usinakili kutoka makala ya zamani ya kikundi chenu, maana kosa lililomo utalirithi. Na usitaje ruzuku ambayo haikulipia kazi hii ili tu ripoti ya mwaka ijae. Mfadhili ana haki ya kuuliza makala inahusianaje na malengo aliyolipia, na ukikosa jibu, umeandika uongo kwenye rekodi ya kudumu.

5. Sema nani alilipia nini. Pesa za utafiti, karo, mshahara na ada ya kuchapisha vinaweza kutoka mifuko minne. Mfano, kwa Kiswahili muone mpangilio:

*Kazi ya nyanjani na ya maabara ilifadhiliwa na National Research Fund ya Kenya, ruzuku nambari ___, aliyopewa J.K.N. Masomo ya uzamivu ya A.W.M. yalilipiwa na Fogarty International Center ya NIH, ruzuku D43TW000000.*

Wanafunzi wa D43, yaani ruzuku ya NIH ya mafunzo ya utafiti, msiisahau hata kama vitendanishi vililipiwa kwingine.

6. Eleza jukumu la mfadhili. Kama hakuhusika na muundo wa utafiti, ukusanyaji na uchambuzi wa data, uandishi wala uamuzi wa kuchapisha, sema hivyo. Kama alihusika, sema alifanya nini.

7. Rasilimali. Kingamwili, laini za seli na programu zina vitambulisho vya RRID, yaani nambari ya kudumu ya kila rasilimali ya utafiti. ImageJ, programu ya kuchambua picha, ni RRID:SCR_003070. Hivyo huwekwa kwenye Mbinu, pale kitu kinapotajwa mara ya kwanza. Sampuli za mimea mlizoweka East African Herbarium pale Makumbusho, andika nambari ya kila sampuli pamoja na msimbo EA. Kompyuta kubwa au mashine ya kusoma jeni mliyotumia kwa taasisi nyingine, iulize taasisi inataka itajwe vipi. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, na kibali cha maadili vina sehemu yake, usivichanganye na shukrani.

8. Watu. Omba idhini ya kila unayemtaja kwa jina, kwa maandishi. Jina lake likiwa hapo, msomaji ataona kama ameidhinisha matokeo yenu.

---

MASWALI

Kijana_Chiromo: Daktari naomba kujua, nambari ya ruzuku inaandikwa wapi?

Mwandishi: Hatua ya 2.

Kijana_Chiromo: Nimeona ni ndefu ndio nikauliza.

Mwandishi: Ni aya moja.

Mama_Pipeti: Asante sana Daktari. Mkuu wa idara ndiye aliyeleta ruzuku, lakini hajagusa data wala muswada. Anataka jina lake liwe la mwisho kwenye waandishi. Nifanyeje?

Mwandishi: Dada, swali zuri, na najua si rahisi kulisema ofisini. Kwa masharti ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, mwandishi hutimiza manne: mchango wa maana kwenye wazo, muundo, data au tafsiri yake, kuandika au kuhakiki kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, kuwajibika kwa kazi yote. Kutafuta pesa peke yake hakutoshi, nafasi yake ni kwenye Shukrani. Lakini masharti hayohayo yanasema aliyetimiza la kwanza asinyimwe nafasi ya kutimiza mengine. Kama ombi la ruzuku lilikuwa wazo lake, mpelekee muswada mapema, mpe wiki mbili, mwombe maoni ya maandishi. Akiuhakiki kwa kweli na kukubali kuwajibika, ni mwandishi. Asipojibu, una ushahidi wa kumwonyesha mhariri.

Omosh_Data: Haya ni mambo madogo jameni. Mhariri atarekebisha.

Mwandishi: Mhariri hana mkataba wako. Atachapisha ulichoandika.

Nyanjani_Daima: Ruzuku yetu ya USAID ilikatizwa 2025 katikati ya kazi. Bado tuitaje?

Mwandishi: Ndiyo. Pesa zilizotumika zilitumika. Taja nambari, andika kipindi ilicholipia, kisha taja aliyelipia kilichobaki, hata kama ni chuo chenu. Msiwafanye wasomaji waamini kwamba kazi yote ilitoka mfuko mmoja.

Wairimu_Uzamili: Mimi nimejilipia kila kitu. Niache wazi?

Mwandishi: Usiache wazi, itaonekana umesahau. Andika kwamba utafiti haukupata ruzuku mahususi kutoka shirika lolote.

Benchi_Tatu: Kampuni ilitupa vipimo vya malaria bure, haikutoa hata shilingi.

Mwandishi: Vitu ni msaada kama pesa. Taja kampuni, taja ilitoa nini, na kama mlikuwa mnapima ubora wa vipimo hivyohivyo, liweke pia kwenye mgongano wa maslahi.

Mama_Pipeti: Na akili bandia iliyoninyooshea Kiingereza?

Mwandishi: Haiwi mwandishi. Ikisaidia lugha, itaje kwenye Shukrani. Ikichambua data au kuchora picha, iende kwenye Mbinu.

Ngugi_Seva: Niongeze moja. Sisi tuna faili moja ya maandishi matupu kwenye folda ya kikundi: jina kamili la mfadhili, nambari, tarehe za kuanza na kuisha, sentensi yake rasmi. Mtafiti mkuu huikagua kila ruzuku mpya inapoingia. Maandishi matupu, kwa sababu lahajedwali ilituharibia sifuri.

Mwandishi: Hiyo ni nzuri sana, igeni. Ongezeni safu ya jina la zamani: Gates Foundation ilikuwa Bill & Melinda Gates Foundation hadi 2025, na mikataba yenu mingi bado ina jina la kwanza.

Benchi_Tatu: Na kama makala imeshatoka na nambari mbovu?

Mwandishi: Mwandikie mhariri leo, uombe sahihisho. Kwa NIH, mtafiti mkuu anaweza pia kuunganisha makala na ruzuku kwenye My Bibliography, orodha yake ya machapisho mtandaoni, lakini hilo halibadilishi kilichochapishwa. Fanya yote mawili.